Michoro Myeupe ya Korea: Kimya cha Kupinga au Kimya cha Kukubali?

Aprili 2023, mjini Gwangju, kusini-magharibi mwa Korea Kusini, baadhi ya wasanii wa mji huo walifika na mabango kwenye ufunguzi wa bienale yao, yale maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika kila baada ya miaka miwili. Hawakwenda kushangilia. Siku hiyo ilikuwa inatolewa kwa mara ya kwanza tuzo mpya ya dola 100,000 za Marekani, nao walitaka ifutwe kabla haijaota mizizi.

Mshindi hakuwa na kosa. Oum Jeong-soon ni msanii aliyefanya kazi miaka mingi na watoto wasioona. Aliwapeleka wakampapase tembo kwa mikono yao, kisha wakaunda kile walichokielewa. Kutokana na maumbo hayo alitengeneza tembo wakubwa, na katika ukumbi wa Gwangju alikuwamo tembo asiye na mkonga, maana kwa mtoto aliyemshika mnyama ubavuni mkonga haukuwamo katika habari. Wageni waliruhusiwa kuwagusa. Ni kazi ya upendo na akili, na sijasikia mtu aliyeipinga.

Kilicholeta mzozo ni jina la tuzo: Park Seo-bo, mmoja wa wachoraji wenye majina makubwa kuliko wote Korea, ambaye ndiye aliyetoa fedha. Waliopinga walisema kwamba mtu huyu alinyamaza wakati wa mapinduzi ya wanafunzi ya Aprili 1960, akatulia chini ya serikali ya kijeshi iliyofuata, na akapanda ngazi katika taasisi za sanaa zilizokuwa karibu na serikali katika miaka ya 1970. Iweje jina lake libandikwe kwenye bienale ya Gwangju, mji ambao Mei 1980 jeshi liliwaua raia wake kwa mamia? Tuzo ilikuwa imepangwa kuendelea hadi mwaka 2042. Haikufika mbali, mwezi uliofuata, Mei, ikafutwa. Oktoba 14 mwaka huohuo mzee Park Seo-bo akafariki akiwa na umri wa miaka 91.

(Park ni jina la ukoo lililoenea sana Korea. Msomaji asimchanganye mchoraji huyu na Jenerali Park Chung-hee atakayetajwa hapa chini.)

Wengi wetu tumeijua Korea kupitia tamthilia na muziki, na tukifika kwenye sanaa ya uchoraji tunakutana na picha zilezile, kama za Park Seo-bo: kanvasi kubwa, nyeupe au za rangi ya udongo, zenye mistari ya penseli inayojirudia. Tunaambiwa ni utulivu, ni roho ya Asia, ni tiba ya macho. Ugomvi wa Gwangju unatuambia kwamba picha hizo zina upande mwingine, na kwamba Wakorea wenyewe wamevutana juu yake kwa zaidi ya miaka arobaini.

Kizazi kilichochora picha hizo kilikulia katika taabu. Korea ilikuwa koloni la Japani kuanzia 1910 hadi 1945, ikagawanywa, kisha vita vya 1950 hadi 1953 vikaiacha majivu. Ukitaka kuona hali ya msanii wa wakati huo, mtazame Lee Jung-seop. Alikuwa mkimbizi kusini, na mkewe, Mjapani, alirudi Japani mwaka 1952 na watoto wao wawili kwa sababu ya umaskini. Lee hakuwa na pesa ya rangi wala kanvasi. Alichukua ile karatasi ya bati inayofungia sigara ndani ya pakiti, akaichora kwa ncha kali, akapaka rangi, kisha akaifuta kwa kitambaa ili rangi ibaki ndani ya mikwaruzo tu. Ukiziangalia kwa karibu unaona watoto uchi wakicheza na kaa na samaki, wamefungamana kama uzi mmoja usiokatika. Ni watoto wake, ambao hakuishi nao tena. Alifia hospitali mjini Seoul mwaka 1956, akiwa na miaka 40.

Hapo hakuna aliyeuliza kama picha inaipinga serikali au inaikubali. Swali hilo lilikuja baadaye, na lilikuja na bunduki.

Mei 1961 Jenerali Park Chung-hee alitwaa madaraka. Oktoba 1972 alitangaza sheria ya kijeshi na kuleta katiba mpya, ile iitwayo Yushin, iliyomwezesha kutawala bila kikomo. Nywele ndefu za vijana zilikatwa barabarani na polisi, urefu wa sketi ukapimwa kwa rula, nyimbo zikapigwa marufuku. Serikali pia ilikuwa na mradi wa kuagiza picha kubwa za historia ya taifa na maendeleo ya uchumi, na wachoraji wengi walioheshimika, hata wa mitindo ya kisasa, walishiriki. Malipo yalikuwapo. Hofu nayo ilikuwapo.

Katika miaka hiyohiyo ndipo ulipozaliwa mkondo ulioitwa baadaye Dansaekhwa, yaani uchoraji wa rangi moja. Mwaka 1975 jumba moja la sanaa jijini Tokyo liliwakusanya Wakorea watano chini ya kichwa cha habari kuhusu weupe wa aina tano: Kwon Young-woo, Park Seo-bo, Suh Seung-won, Hur Hwang na Lee Dong-youb. Nyuma ya pazia alikuwapo Lee Ufan, Mkorea aliyekuwa akiishi Japani, mchoraji na mwandishi aliyewafungulia wenzake milango huko.

Hapa lazima tukae na kazi zenyewe, kwa sababu anayezihukumu bila kujua zinavyofanywa atakosea upande wowote atakaosimama.

Ha Chong-hyun alichukua kitambaa cha gunia chenye nyuzi nene na matundu. Badala ya kupaka rangi mbele, aliiweka nyuma ya gunia, akaisukuma kwa nguvu za mikono mpaka ikachomoza upande wa pili kama uji mzito unaopita kwenye chujio. Vidonge vya rangi vinatokeza mbele, vingine vinadondoka, vingine anavipapasa kwa kibao. Huyohuyo Ha, kabla ya hapo kidogo, alikuwa amefunga kanvasi zake kwa waya wa miiba. Nchi iliyokatwa katikati kwa waya wa miiba haihitaji kuelezwa maana yake.

Park Seo-bo naye alisimulia kwamba alipata njia yake kwa kumtazama mwanawe mdogo akijaribu kuandika katika daftari la miraba. Mtoto aliandika, akakosea, akafuta, karatasi ikachakaa. Mwishowe akakata tamaa na kuichanachana kwa penseli, huku na kule, mpaka ukurasa ukajaa. Baba akaona pale kitu alichokuwa akikitafuta: kuachia. Akaanza kupaka rangi nyeupe na, kabla haijakauka, kupitisha penseli juu yake, mstari kwa mstari, saa kwa saa. Akapaka tena, akachora tena. Yeye alilinganisha kazi hiyo na mtawa wa Kibudha anayerudia maneno ya ibada mpaka nafsi inyamaze.

Wahenga wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukiwachukua watetezi wa Dansaekhwa na kuwakamulia hoja yao yote katika sentensi moja, ndiyo hiyo. Wanasema: serikali iliyokuwa inadai picha za ushujaa, viwanda na bendera, ilijibiwa na watu waliokataa kuchora kitu chochote kinachotambulika. Anayekataa kukupa picha amekunyima kitu cha kutangazia. Wanaongeza kwamba hawa walikuwa wanajenga uchoraji usio nakala ya Paris wala New York, kwa karatasi yao ya jadi na magunia yao. Mwanahistoria wa sanaa Joan Kee, katika kitabu chake cha 2013 kuhusu mkondo huu, ameitetea kwa makini zaidi: anatutaka tuangalie mbinu, namna picha inavyomlazimisha mtazamaji kusimama, kupunguza mwendo na kutumia macho yake mwenyewe, mahali ambapo dola inataka watu wote waone kitu kimoja.

Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipuuza. Lakini ina tundu. Wapinzani wanauliza: mshindo wenyewe uko wapi? Udikteta haukuwahi kutetemeka mbele ya kanvasi nyeupe. Picha hizo zilionyeshwa, zilisafirishwa nje kuiwakilisha nchi, waliozichora walikuwa maprofesa. Park Seo-bo alifundisha Chuo Kikuu cha Hongik na akaongoza chama cha wasanii cha kitaifa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mtu ambaye picha yake ni upinzani, mbona utawala unaopingwa unampa kiti cha mbele?

Na kuna tundu jingine, lenye uchungu zaidi. Huo weupe uliosifiwa kama roho ya Korea, nani aliutangaza kwanza kwa sauti kubwa? Wakati wa ukoloni, mwanafikra wa Kijapani Yanagi Muneyoshi aliandika kwamba uzuri wa Korea ni uzuri wa huzuni, na nguo nyeupe za Wakorea ni ishara ya huzuni hiyo. Aliipenda Korea kwa dhati, hilo halina shaka. Aliwatetea Wakorea na mwaka 1924 akaanzisha makumbusho ya sanaa zao za jadi Seoul. Lakini huzuni aliyoiona kama tabia ya taifa ilikuwa pia matokeo ya kutawaliwa. Miaka hamsini baadaye, weupe huohuo unakwenda Tokyo na kupokewa kwa mikono miwili. Mhakiki wa Korea akiuliza, "Tunajiona kwa macho ya nani?" nadhani ana haki ya kujibiwa.

Jibu la upande wa pili halikuja kwa makala. Lilikuja kwa mbao.

Kundi la Hyeonsil gwa Bareon, yaani Uhalisia na Kauli, lilianzishwa mwaka 1979. Maonyesho yao ya kwanza, mwaka 1980, yalizuiwa na wasimamizi wa ukumbi. Taa zikazimwa, na waliokuwamo wakaziangalia picha kwa mwanga wa mishumaa. Kati yao alikuwapo Oh Yoon, aliyechukua ubao, akauchonga kwa mikato mipana, akapaka wino na kukandamiza karatasi juu yake. Wakulima wake wana mikono minene, nyuso zao zimechongwa kama mizizi, ngoma zinapigwa na mtu anaruka mpaka nguo zinapeperuka. Chapa ya mbao ni rahisi, inarudufishwa, inabandikwa ukutani kwa fundi viatu, inawekwa kwenye jalada la kitabu. Oh Yoon alifariki 1986 akiwa na miaka 40 tu, umri uleule wa Lee Jung-seop.

Mkondo huu ukaitwa minjung misul. Misul ni sanaa. Minjung tungeweza kusema umma, ingawa ndani yake kuna pia maana ya wanyonge, watu wanaobeba mzigo wa nchi. Uliwasha moto hasa baada ya Gwangju. Mei 18, 1980, wanajeshi wa miavuli walitumwa kuwazima wanafunzi waliokuwa wakiandamana dhidi ya Jenerali Chun Doo-hwan, aliyekuwa ameshika jeshi tangu Desemba 1979 baada ya Park Chung-hee kuuawa na mkuu wake wa ujasusi. Wakazi wakajitetea, wakaushika mji kwa siku chache, na alfajiri ya Mei 27 jeshi likaingia tena. Magazeti yalikuwa yamefungwa mdomo. Hong Sung-dam, mchoraji wa hukohuko, alichonga mbao kuhusu yale aliyoyaona: akina mama wanaogawa matonge ya wali kwa vijana wenye bunduki, maiti, malori. Kwa miaka kadhaa chapa zile zilifanya kazi ambayo magazeti yalikatazwa.

Kuna mtu mmoja ambaye kila nikisoma habari zake naona mkondo mzima ndani yake. Choi Byung-soo alikuwa seremala. Mwaka 1986 aliitwa kutengeneza ngazi na jukwaa kwa wasanii waliokuwa wakichora ukutani mjini Seoul. Akiwa pale akashika brashi na kuongeza maua. Polisi wakawakamata wote. Katika fomu ya polisi, mahali pa kazi ya mtuhumiwa, akaandikwa mchoraji. Mwaka uliofuata, Juni 9, 1987, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yonsei, Lee Han-yeol, alipigwa kichwani na kopo la bomu la machozi. Picha ya gazeti ilimwonyesha amelegea mikononi mwa mwenzake, damu inatiririka usoni. Choi aliichonga kwenye ubao, ikapigwa chapa kwenye vitambaa vidogo vya kubandika kifuani, kisha ikakuzwa kuwa bango kubwa lililoning'inizwa kwenye jengo la wanafunzi likiwa na maneno ya kuomba Han-yeol aokolewe. Hakuokoka, alifariki Julai 5. Lakini mwezi huo wa Juni barabara zilifurika watu, na serikali ikakubali uchaguzi wa rais wa moja kwa moja. Ukinitaka nitaje picha moja ya karne ya 20 ambayo kweli ilisaidia kuibadili nchi, nitataja kitambaa kile cha seremala.

Je, basi upande huu ndio wenye haki yote? Hapana, na wapenzi wake wanafaa kulisikia hili bila hasira. Sehemu kubwa ya minjung misul haikuvuka umri wa mabango. Kuna kazi ambazo adui ni pua ndefu na dola mfukoni, na mkulima ni mtakatifu asiye na doa. Mtazamaji hapewi la kufikiri. Wanawake wamo mara nyingi kama mama anayelia au nchi inayobakwa, ndiyo maana wasanii wanawake walijitenga na kuunda maonyesho yao wenyewe katikati ya miaka ya 1980. Na kulikuwa na ukali wa kutenga: asiyechora mapambano ni msaliti. Waliofanya majaribio mwishoni mwa miaka ya 1960 hawakupata nafasi kwenye hesabu hii ya pande mbili. Mwaka 1968 Jung Kangja, Kang Kuk-jin na Chung Chanseung walijifukia kwenye mchanga kando ya mto Han wakiushambulia mfumo mzima wa sanaa ya nchi yao. Mwaka 1970 Kim Kulim alichoma nyasi za ukingo wa mto huo kwa umbo la pembetatu na kuziacha zichipue upya. Walidhihakiwa na magazeti, wakasumbuliwa na polisi, na kwa miaka mingi hawakuwa wa weupe wala wa mbao. Ilibidi wasubiri mpaka 2023 kuonyeshwa kwa heshima Seoul na katika jumba la Guggenheim la New York.

Turudi kwenye kimya. Nimekuwa nikiliangalia jambo hili kwa muda, na nimefika mahali ambapo siwezi tena kuukubali ule mjadala wa kuuliza kama Dansaekhwa, kwa jumla yake, ilipinga au ilikubali. Kimya cha mtu hakipimwi kwa rangi aliyoitumia. Kinapimwa kwa alichokilipa, na kwa alichokipata.

Mtu wa kunifundisha hilo ni Yun Hyong-keun. Anahesabiwa katika kundi hilohilo la rangi moja, ananing'inizwa ukuta mmoja na Park Seo-bo. Lakini sikiliza maisha yake. Akiwa mwanafunzi alikamatwa kwa kuandamana. Vita vilipoanza 1950 alikusanywa pamoja na washukiwa wa ukomunisti waliokwenda kuuawa, akaponea chupuchupu. Mwaka 1956 akafungwa miezi sita. Mwaka 1973, akiwa mwalimu wa sekondari, alihoji jinsi mwanafunzi mmoja alivyoingizwa shuleni kinyume cha taratibu kwa sababu ya uhusiano na mkuu wa idara ya ujasusi. Akakamatwa kwa sheria ya kupinga ukomunisti. Kisingizio kimojawapo kilikuwa kofia yake, eti inafanana na ya Lenin. Alipotoka hakuweza kupata kazi ya kudumu kwa miaka, na alifuatwa na wapelelezi.

Kabla ya hapo picha zake zilikuwa na rangi za kuchangamka. Baada ya hapo akabaki na mbili: buluu iliyoiva na kahawia ya udongo uliochomwa, yaani mbingu na ardhi. Alizichanganya zikawa karibu nyeusi, akaziyeyusha kwa tapentaini, akazipaka kwenye kitambaa kisichopakwa chochote. Rangi inanywewa na nyuzi na kusambaa pembeni kama wino kwenye karatasi inayonyonya. Kwa kawaida ni nguzo mbili zimesimama wima, katikati pana nafasi kama mlango. Lakini Juni 1980, habari za Gwangju zilipomfikia, alitoka uani na kanvasi, akachora nguzo zile zikiwa zimeinama, zinaegemeana, zinaanguka, rangi inatiririka chini kama kitu kilichochomwa kisu. Hakuandika neno. Mwishoni mwa mwaka huo akaondoka kwenda Paris.

Weka picha hiyo ya Yun pembeni ya chapa za Hong Sung-dam. Zimezaliwa na mwezi mmoja wa damu. Moja inasema kila kitu, nyingine haitaji chochote, na mimi sioni kwamba moja ni ya uoga. Ndiyo maana nasema wanaoifuta Dansaekhwa yote kama sanaa ya watumishi wa serikali wanamdhulumu mtu kama Yun.

Lakini pia ndiyo maana naona Gwangju ilikuwa na haki kuikataa ile tuzo. Yun alinyamaza kwa sababu alikuwa amekwisha kusema na kuadhibiwa. Park Seo-bo alinyamaza huku akipanda vyeo. Watetezi wake wanajibu kwamba aliisimamisha sanaa ya Korea mbele ya dunia, alifundisha vizazi, na zile dola zilikuwa mali yake ya halali aliyoitoa kwa wasanii wadogo. Yote ni kweli. Picha zake ni nzuri, na baadhi yake zinanigusa kwa namna ambayo sitaikana kwa ajili ya siasa. Angeweza kuipa tuzo hiyo chuo chake, makumbusho, mji mwingine wowote. Ila bienale ya Gwangju ilianzishwa mwaka 1995 juu ya kaburi. Hata hivyo mwaka wa kwanza tu, wasanii wa umma waliona serikali inataka kuusafisha mji kwa sherehe kubwa, wakafanya maonyesho yao ya kando kwenye makaburi ya Mangwol-dong, ambako waliouawa wamezikwa, wakayajaza mabango ya kitambaa yanayopepea kama yale ya msafara wa maziko. Mwenye msiba ana haki ya kuamua nani asomewe jina matangani.

Na tusidanganyane kwamba fedha haina sauti katika hili. Kwa miaka mingi Dansaekhwa ilikuwa habari ya wataalamu wachache. Mwaka 2012 makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa yalifanya maonyesho makubwa yaliyolipa jina hilo nguvu; 2014 zikafika Los Angeles; 2015 yakaandaliwa maonyesho maalumu Venice, wakati wa bienale ya huko. Bei zikaruka, na picha zilizokaa stoo miaka arobaini zikaanza kugombewa kwenye minada ya Hong Kong. Huko, Novemba 2019, picha ya nukta za buluu ya Kim Whanki, baba mkwe wa Yun, ilinunuliwa kwa kiasi cha won (fedha ya Korea) bilioni 13, rekodi kwa kazi ya Mkorea. Nawafurahia wazee waliopata heshima wakiwa hai. Kinachonisumbua ni hadithi iliyouzwa pamoja na picha: utulivu, tafakari, nafsi. Mnunuzi wa Ulaya alipewa weupe bila mwaka, bila Yushin, bila waya wa miiba wa Ha, bila kofia ya Yun. Yaani hata kile kilichokuwa na ujasiri ndani ya mkondo huu kilioshwa ili kiuzike.

Mwaka huohuo wa 2015, Venice ileile, tuzo ya Simba wa Fedha ya bienale ilikwenda kwa Mkorea mwingine, Im Heung-soon, kwa filamu kuhusu wanawake wa viwandani, wale walioshona na kuunganisha vifaa kwa ujira mdogo wakati nchi inatajirika. Mama yake mwenyewe alikuwa mmoja wao. Wanawake hao walikuwa wakiinama juu ya cherehani katika miaka ileile ambayo penseli zilikuwa zikipita juu ya rangi nyeupe. Mstari kwa mstari, saa kwa saa, nao.

Tusije tukadhani kwamba enzi ya kuzuiwa imepita kabisa. Mwaka 2014 Hong Sung-dam alichora picha kuhusu kuzama kwa kivuko cha Sewol, ajali iliyoua watu zaidi ya 300, wengi wao wanafunzi. Ndani yake Rais Park Geun-hye, binti wa jenerali, alionekana kama kikaragosi kinachoendeshwa na wengine. Picha ikazuiwa kuingia katika maonyesho ya kuadhimisha miaka 20 ya bienale ya Gwangju yenyewe, na mkuu wa bienale akajiuzulu. Baadaye ikabainika kwamba serikali ya rais huyo ilikuwa na orodha nyeusi yenye maelfu ya majina ya wasanii wasiotakiwa kupewa msaada.

Na ipo picha moja ambayo kimya chake hakikuchaguliwa na aliyeichora. Mwaka 1987 Shin Hak-chul alichora Monaegi, yaani Kupanda Mpunga. Chini, wakulima wanapanda, na mmoja anasukumia baharini mizinga, makopo ya soda na wanasiasa wa kigeni kama takataka za shamba. Juu, mavuno, karamu na mlima Baekdu, ulio mpakani mwa Korea Kaskazini na China. Waendesha mashtaka wakasema sehemu ya juu ni Korea Kaskazini inayosifiwa. Akakamatwa 1989. Mahakama mbili zikamwona hana hatia, Mahakama ya Juu ikatengua mwaka 1998, na 1999 akatiwa hatiani, picha ikataifishwa. Mwaka 2004 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema haki yake ya kujieleza imevunjwa. Picha haikurudishwa. Ilikaa stoo ya waendesha mashtaka mpaka ikaharibika, na mwaka 2018 ikahamishiwa ghala la makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa. Haikupokelewa kama sehemu ya mkusanyo wa makumbusho. Ilipokelewa kama kidhibiti, mali ya serikali iliyowekwa kwa uangalizi, katika taasisi ileile ambayo kuta zake zimebeba kanvasi nyeupe.